Pori Si Tupu: Nilichojifunza kwenye Miyombo ya Tabora

Ukipanda basi Tabora mjini kwenda Mpanda, ukishaiacha Sikonge nyuma utawasikia abiria wakisema maneno yaleyale: "Hapa sasa ni pori tu." Wanavuta pazia, wanalala. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mara ya kwanza kupita njia hiyo nilikuwa mwaka wa kwanza. Nilichungulia dirishani nusu saa nzima, nikaona miti, kisha miti, kisha miti tena. Nikamtumia mwenzangu wa bwenini ujumbe: "Huku hakuna kitu."

Nilirudi mwaka wa tatu kwa ajili ya fildi. Bumu lilikuwa halijatoka, kwa hiyo sikuwa na uwezo wa kwenda mbali zaidi. Nikaomba kukaa wiki tatu kwenye kijiji kimoja upande wa Ipole, nikawa natembea na mzee mmoja mlina asali. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo", akaitikia, kisha akanifundisha kusema "Mwangaluka" kama wenyeji. Tulipoingia msituni akaniuliza: "Mwanangu, hapa unaona miti ya namna ngapi?"

Nikatazama. Nikamjibu kwa uhakika wote wa mtu wa mwaka wa tatu: "Namna moja, mzee. Ya kijani."

Alicheka hadi akaweka shoka chini. Makala hii ni yale aliyonifundisha baada ya kicheko kile, pamoja na niliyoyasoma maktaba niliporudi. Nimeyapanga kama masomo ili na wewe ukipita huko usifunge pazia.

Somo la kwanza: njia ilikuwepo kabla ya barabara

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua inaanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, halafu miezi iliyobaki ni kiangazi kikavu. Hali hiyo ndiyo iliyoamua misafara ya karne ya 19 itembeeje kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ikipumzika Tabora, mji ambao wageni wa zamani waliuandika kwa jina la Kazeh. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Livingstone na Stanley waliagana Machi 1872. Livingstone akabaki Kwihara, nje kidogo ya mji, akisubiri watu na vifaa hadi Agosti mwaka huo. Tembe alimokaa sasa ni makumbusho, nauli ya bodaboda tu kutoka stendi.

Vitabu vingi vinaishia kwa hao wazungu watatu au wanne. Mimi nilivutiwa na maneno ya wapagazi. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na pori refu lisilo na maji lililoitwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Na walikuwa na neno "tirikeza": mnapika na kunywa maji mchana kwenye kisima cha mwisho, mnaanza safari alasiri, mnalala porini bila maji, kesho yake asubuhi mnafika kwenye maji mengine. Ni hesabu ya kitaalamu. Anayeifanya anajua maji yako wapi, jua litakuwa kali saa ngapi, na mtu aliyebeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, anaweza kwenda umbali gani bila kuanguka. Pori tupu halina neno kama hilo. Watu wakilipa pori msamiati, ujue wanalisoma.

Jiulize sasa: kwa nini pembe za ndovu zilibebwa na mabega ya watu? Kwa nini wasitumie mikokoteni ya ng'ombe au farasi? Jibu nililipata siku ya tatu, na lilinipata shingoni.

Somo la pili: nzi aliyeandika historia

Siku ile nilivaa fulana ya bluu niliyoipenda sana. Mzee aliitazama, akataka kusema kitu, akanyamaza. Nadhani aliona ni bora nijifunze mwenyewe. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeumwa na mbung'o mgongoni, shingoni na nyuma ya masikio. Yeye, ndani ya shati lake lililopauka rangi ya udongo, aliumwa mara mbili tu. Huko wenyeji wengi humwita nzi huyo ndorobo.

Baadaye nikasoma kwamba mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mimi nilikuwa mtego unaotembea.

Mbung'o ni mdudu wa ajabu kuliko simba yeyote. Hatagi mayai kama nzi wa chooni. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha humo humo kwa kitu kinachofanana na maziwa, na kumzaa akiwa tayari kujichimbia ardhini. Huzaa mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Dume na jike wote wanaishi kwa damu. Katika kunyonya, wanaweza kupitisha vijidudu vinavyoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Wanyama wengi wa porini hubeba vijidudu hivyo bila kuugua sana, lakini ng'ombe, farasi na punda hufa.

Hapo ndipo swali la pembe za ndovu linapojibiwa. Njia ya Bagamoyo–Ujiji ilikatiza kwenye nchi ya mbung'o, kwa hiyo wanyama wa mizigo hawakuweza kutegemewa, na mzigo ukabaki kwa binadamu. Wanyamwezi wakaufanya upagazi kuwa kazi ya heshima na ya ujuzi. Vijana walitoka kwenda pwani na kurudi na nguo na jina. Nisiseme mdudu ndiye chanzo cha kila kitu, maana kulikuwa pia na biashara, vita na utumwa. Lakini ukimwondoa mbung'o, historia ya Tabora haikai sawa.

Anaeleza pia kwa nini leo kuna pori pale penye pori. Tunadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alieleza kwamba watu wa zamani walikuwa wakimdhibiti mbung'o kwa kulima, kuchoma majani kwa mpango na kuchunga. Miaka ya mwanzo ya 1890 ikaja sotoka, ikaua ng'ombe wengi mno. Zikafuata vita vya wakoloni, njaa na magonjwa. Mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o akarudi navyo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ikaanza kuwahamisha watu wa magharibi waliotawanyika na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja ili kuzuia malale. Palipokuwa na kaya pakabaki visiki, vyungu vilivyovunjika na miti iliyoota upya. Wanahistoria wengine wanamwona Kjekshus ameipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, na ni vizuri ukasoma pande zote. Ila hoja moja inasimama: sehemu ya "pori tupu" lile lilikuwa nyumbani kwa watu.

Mzee alinionyesha jiwe la kusagia likiwa limezama nusu ardhini, katikati ya msitu, kilomita kadhaa kutoka nyumba yoyote. "Hapa mtu alikuwa anakula ugali," akasema, na tukaendelea na safari.

Somo la tatu: mti wenye majina mawili

Tukarudi kwenye swali la miti. Msitu huu dunia nzima unaitwa miombo, kuanzia Angola hadi Msumbiji. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wanaandika neno hilo bila kulitafsiri. Limetoka kwenye lugha zetu: muyombo ni mti mmoja, miyombo ni mingi. Kwa jina la kisayansi muyombo unaitwa Brachystegia boehmii. Nilipomtafuta huyo Boehm nikakuta kisa.

Richard Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin. Alifika nchi ya Tabora mwaka 1880, akakaa Kakoma na Igonda, kusini mwa mji, na akafanya kazi kwenye Mto Ugalla. Alikufa Katanga mwaka 1884, hajatimiza hata miaka 30. Leo jina lake liko kwenye muyombo, kwenye aina ya pundamilia, na kwenye keremkerem mmoja mzuri wa kijani. Sina ubaya naye, kazi aliifanya. Lakini kila mti aliouokota kulikuwa na mtu pembeni akimwambia huu unaitwaje na unafaa nini. Majina ya watu hao hayako kwenye mti wowote. Kilichobaki chao ni neno lenyewe: miyombo.

Sasa sikiliza jinsi ya kuusoma msitu. Sehemu za juu zenye udongo mwepesi wa kichanga utakuta muyombo, mtundu na jamaa zao. Wengi ni wa ukoo wa kunde, na maganda yao yakikauka hupasuka kwa mlio na kurusha mbegu mbali. Kati yao utakuta mninga, ule wa milango na vitanda. Ukishuka bondeni miti inakatika ghafla na unatokea mbugani, kwenye udongo mweusi unaojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kwenye vichuguu mambo yanabadilika tena: mchwa wameleta udongo wa chini wenye rutuba, kwa hiyo huota mimea isiyokuwepo hatua kumi kando. Ndani ya kilomita moja umepita nchi tatu.

Udongo ule wa juu ni maskini, miti inawezaje kunenepa? Ina washirika. Mizizi ya miyombo imezungukwa na kuvu wanaoisaidia kuvuta fosforasi na maji, na mti unawalipa kwa sukari. Mvua ikinyesha, kuvu hao hutoa uyoga, na akina mama wanaujaza kwenye ndoo na kuuza kando ya barabara. Kwa hiyo ukinunua uyoga wa Tabora umenunua tunda la makubaliano kati ya mti na kuvu. Ukiukata mti wote, na uyoga ule unaondoka.

Jambo la mwisho kuhusu miti, na ndilo lililonishinda kuamini: mwezi Septemba na Oktoba, jua likiwa kali kuliko wakati wote na mvua haijaonekana, miyombo huchipua. Majani machanga hutoka mekundu, ya rangi ya shaba, kabla ya kuwa ya kijani. Mti hausubiri mvua. Unatumia maji yaliyo chini sana na akiba yake ya mwaka uliopita. Mtu mmoja kwenye basi aliniambia msitu unaungua. Ulikuwa unachipua.

Somo la nne: wanyama wasiokaa kwenye kalenda

Tumezoea picha za Serengeti, wanyama elfu kumi kwenye majani mafupi. Miyombo haiko hivyo. Wanyama wake wametawanyika na wanajificha, na ukitaka kuwaona lazima upunguze mdomo. Wiki ya kwanza sikuona mnyama mkubwa zaidi ya ngiri. Wiki ya pili, alfajiri, palahala dume alisimama mbele yetu, mweusi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Alituangalia kama watu waliochelewa darasani, akaondoka bila haraka.

Upande wa magharibi kuna Mto Ugalla. Kiangazi mto huu huacha kutiririka sehemu nyingi na kubaki madimbwi, na humo viboko na mamba hubanana wakisubiri mvua. Maji yake huingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Ndiko kwa korongo nyangumi, ndege mrefu mwenye mdomo kama kiatu, anayeweza kusimama muda mrefu bila kutikisika akimvizia kambare. Na ndiko kwa nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope.

Magharibi zaidi, kwenye bonde la Issa, wako sokwe mtu wanaoishi kwenye miyombo mikavu badala ya msitu mnene wa mvua. Watafiti wamekuta huko vijiti ambavyo sokwe walitumia kuchimbua mizizi na viazi vya porini. Utafiti wa 2022 ukaonyesha kwamba wanaposimama kwa miguu miwili, mara nyingi wanafanya hivyo juu ya miti. Hilo linagusa swali la jinsi babu zetu wa kale walivyoanza kutembea wima. Yaani swali mojawapo kubwa kabisa la sayansi linaulizwa kwenye pori ambalo sisi tunalala tukilipita.

Lakini mnyama niliyempenda kuliko wote ni ndege mdogo wa rangi ya majivu, ambaye huongoza watu kwenye asali. Mzee alipiga mluzi wake, kimya, akapiga tena. Ndege akaja juu ya tawi akilia mfululizo. Tukamfuata: anaruka mti mmoja, anasubiri, anaruka mwingine. Kama dakika ishirini hivi. Alipotulia, mzee akaweka sikio kwenye mtundu mmoja na kutabasamu. Nyuki walikuwa ndani ya shimo la mti.

Ndege huyu anakula nta na mabuu ya nyuki, ila hawezi kuufungua mti wala kuwatuliza nyuki kwa moshi. Binadamu anaweza, ila hajui nyuki wako wapi. Wakaelewana. Utafiti uliochapishwa 2016 huko Niassa, Msumbiji, ulionyesha kwamba mlio maalumu wa walina asali Wayao uliongeza uwezekano wa kupata asali kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwingine wa 2023 ukaonyesha kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe, hapahapa Tanzania, wanaitikia mluzi wa Wahadzabe kuliko mlio wa Wayao. Ndege wanajifunza lugha ya wenyeji wao. Na hawalelewi na wazazi wao, maana mama hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Mzee alipomaliza kulina, aliweka kipande cha sega juu ya gogo. "Huu ni mshahara wake," akasema.

Somo la tano: lile ambalo sina jibu lake

Nikimaliza hapo nitakuwa nimekudanganya kwa utamu. Ugalla ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi, na wenyeji waliruhusiwa kuingia kwa vibali miezi ya kiangazi, kuanzia Julai hadi Desemba, kuvua na kulina asali. Mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, takriban kilomita za mraba 3,865, na sheria ya hifadhi ya taifa haina nafasi ya mizinga wala nyavu. Kambi za walina asali zikaisha.

Wapo wanaosema ni sawa, na wana hoja: kambi zilikuwa na moto, na si kila aliyeingia na kibali cha asali alitoka na asali tu. Tena mizinga ya magome huua miti, kwa sababu ukibandua gome kuzunguka shina zima, mti umekwisha. Wapo wanaosema si sawa, na wao wana hoja: mtu mwenye mzinga ndani ya msitu ndiye wa kwanza kuuzima moto na wa kwanza kumwona jangili. Ukimtoa, unabaki na doria na mpaka. Nje ya mpaka nako mti unatakiwa na kila mtu: tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni kwenye mabani, mkaa unakwenda mjini, mifugo inasogea. Misitu ya vijiji inabeba mzigo wa wote.

Nilimuuliza mzee yeye yuko upande gani. Akafikiri sana. "Mimi niko upande wa mti," akasema. "Lakini mti hauli ugali." Siku hizi anatundika mizinga ya masanduku, haibandui magome tena, na anasema mavuno ni madogo kwa sababu kila mtu ametundika palepale.

Sina suluhisho. Ninachojua ni kwamba kwenye pendekezo langu la fildi nilikuwa nimeandika "ardhi isiyotumika". Nikalifuta. Neno hilo lina kazi: ukishasema mahali hapatumiki, anayekuja kupachukua haoni kwamba anamnyang'anya mtu, wala mnyama, wala mti. Sisi wasomi ndio tutakaoandika ripoti na mipango ya matumizi ya ardhi kesho. Tuanze kwa kuyaogopa maneno yetu wenyewe.

Kazi ya kufanya

Ukienda, iwe Ipole, Sikonge au msitu wowote wa miyombo, fanya haya. Vaa khaki au kahawia, achana na bluu na nyeusi. Usiingie peke yako, na omba ruhusa serikali ya kijiji au ofisi ya hifadhi husika. Tembea kutoka mlimani hadi mbugani na uandike miti inabadilika wapi. Tafuta dalili za watu wa zamani: jiwe la kusagia, kigae, mti uliopandwa. Uliza jina la kila mti kwa lugha ya mahali hapo kabla ya kufungua simu. Kisha keti chini ya mti mmoja kwa saa moja, kimya, na uhesabu.

Mimi siku ya mwisho niliulizwa tena swali la kwanza, miti ya namna ngapi. Nilitaja kumi na nne, nikajisifu kimoyomoyo. Mzee akaendelea kutaja pale nilipoishia, akionyesha kwa shoka, na aliacha tu kwa sababu jua lilikuwa limezama na tulikuwa na njaa.